Jinsi ya Kukagua Nyumba na Mtaa Wake Kabla ya Kununua

Maswali ni yale yale kila mtu anapotafuta nyumba yake ya kwanza. Nianze na hati au na nyumba yenyewe? Ufa huu ni wa kuogopa? Nitajuaje kama mtaa huu unalalika usiku? Nimlipe mhandisi ilhali bado sijaamua? Majibu nimeyapanga kwa mfuatano wa kazi, kuanzia siku unayosikia kuna nyumba inauzwa hadi siku unayokaa na muuzaji kupatana bei.

Jambo moja lishike tangu sasa, kwa sababu mpangilio wote wa hatua unatokana nalo. Kasoro za nyumba ni za aina mbili: zinazorekebishika kwa pesa na zisizorekebishika. Soketi, milango, lipu, mabomba, hata paa zima, vyote hubadilishwa. Bonde linalopitisha mafuriko, kelele za kiwanda, kiwanja chenye mgogoro wa urithi, njia isiyopitisha gari la wagonjwa: hayo utaishi nayo au utahama. Wanunuzi wengi hutumia saa nzima jikoni na sebuleni, halafu mtaa wanautazama kupitia dirisha la gari. Wewe anza nje na kwenye karatasi. Ndani utaingia baadaye.

Vya kuandaa

Havina gharama kubwa, na vingi unavyo tayari:

- Daftari. Simu itapiga picha, lakini maelezo yaandike kwa mkono papo hapo, kwa jina la chumba.
- Tochi yenye mwanga mkali. Taa ya simu haitoshi kwenye dari.
- Futi ya chuma.
- Pima maji ndogo (ya kupimia usawa) na gololi moja.
- Bisibisi bapa.
- Ndoo ya lita 10.
- Tesita ya kupimia soketi.
- Kadi ya benki iliyokwisha muda. Utaona kazi yake kwenye nyufa.
- Ngazi. Omba kwa mwenye nyumba siku moja kabla.
- Nguo na viatu usivyoogopa kuchafua.

Watu utakaowahitaji ni watatu: mhandisi au fundi mzoefu wa majengo, mpima ardhi, na mwanasheria. Usikubali hata mmoja wao aletwe na muuzaji au dalali. Si lazima wawe watu wabaya. Tatizo ni kwamba anayewaita na kuwalipa si wewe. Kwa hatua za mwanzo hutawahitaji, na ndiyo maana zimewekwa mwanzo: nyumba nyingi zitaanguka kwenye mchujo kabla hujatoa hela ya mtaalamu.

Hatua kwa hatua

1. Uliza kwa simu kabla ya kwenda

Mwenye nyumba ni nani, na anauza kwa nini? Ilijengwa mwaka gani? Kuna vyumba vilivyoongezwa baadaye? Nani anakaa humo sasa? Hati iko mkononi mwa nani? Andika majibu pamoja na tarehe. Ukifika, muulize mtu mwingine maswali hayo hayo. Dalali akisema nyumba ina miaka kumi na mpangaji akasema yeye mwenyewe amekaa humo kumi na mitano, umeshajifunza jambo kuhusu unaoshughulika nao.

2. Itazame kutoka juu

Fungua picha za satelaiti, kisha sogea taratibu kuizunguka nyumba. Tafuta mto, bonde, machimbo, dampo, kiwanda, reli, njia ya ndege kutua, nyaya za umeme mkubwa. Baada ya hapo rudi nyuma kwa miaka. Google Earth inakuruhusu kuona picha za zamani za eneo lile lile, na zile za kuonyesha nyumba moja moja nyingi zinaanzia miaka ya 2000. Unachotafuta ni jinsi kiwanja kilivyokuwa kabla hakijajengwa. Kama palikuwa na dimbwi, kinamasi au shimo la machimbo, ina maana nyumba imekaa juu ya kifusi, na kifusi kisichoshindiliwa vizuri huendelea kushuka kwa miaka mingi na kuvuta kuta pamoja nacho.

3. Tembelea mtaa mara nne, kwa miguu

Ziara moja haikuambii kitu. Nenda asubuhi ya siku ya kazi, jioni watu wanaporudi, usiku wa siku ya mapumziko, na siku ya mvua. Ukiweza kwenda mara moja tu kati ya hizo, chagua mvua. Hakuna mkaguzi anayeizidi: inaonyesha maji yanatoka wapi, yanapita wapi, yanatuama wapi, na nani kati ya majirani ameelekeza mfereji wake kwenye ukuta utakaokuwa wako.

Usiku simama karibu na dirisha la chumba cha kulala, unyamaze dakika kumi. Sikiliza injini, muziki, mbwa, mashine, nyumba za ibada, baa. Mwaka 2009 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilipendekeza kelele za usiku nje ya nyumba zisizidi wastani wa desibeli 40. Programu za simu za kupima sauti hazina usahihi wa kipimo cha kitaalamu, ila zinafaa sana kulinganisha nyumba mbili, au nyumba moja saa tofauti.

Harufu inabadilika na upepo. Ukikuta dampo, machinjio au mabwawa ya majitaka kwenye zile picha za satelaiti, uliza upepo huvuma kutoka upande gani miezi gani, urudi siku inayofanana.

Safari ya kazini ifanye kweli, saa ile ile utakayokuwa unaondoka, kwa usafiri ule ule utakaotumia. Umbali wa kwenye ramani hauna maana kwa mtu anayekaa foleni. Fanya hivyo hivyo kwa njia ya watoto kwenda shule: wanavuka barabara gani, na kuna kivuko?

Pima upana wa njia ya kuingilia. Gari la zimamoto lina upana wa takriban mita 2.5, na likifika kwenye kona huhitaji nafasi zaidi ya hiyo. Njia inayopitisha gari dogo kwa kubana vioo haitapitisha msaada siku unayouhitaji, wala lori la kuleta vifaa ukitaka kuongeza chumba.

Kiwanja kitupu kando ya nyumba kinastahili swali lake peke yake. Watu wanakipenda kwa sababu kinaleta upepo na mwanga. Nenda ofisi ya mipango miji uulize kimepangiwa matumizi gani. Jengo la ghorofa nne au karakana ya kuchomelea vyuma vinaweza kuwa halali kabisa pale, na ukishanunua hutakuwa na la kusema.

Tahadhari: usiende ziara zote na dalali. Yeye anajua saa ambayo mtaa unapendeza.

4. Ongea na majirani, na uulize vizuri

Hapa ndipo habari nyingi zaidi zinapopatikana, na ndipo wanunuzi wanapoona haya kufika. Salimia, jitambulishe, sema ukweli kwamba unafikiria kununua nyumba fulani. Watu wengi wanafurahi kuulizwa na mtu anayeweza kuwa jirani yao.

Epuka maswali ya ndiyo au hapana. Ukiuliza, “Huku kuna mafuriko?” utajibiwa, “Hapana, huku kuzuri.” Uliza, “Mvua kubwa ya mwisho, maji yalifika wapi?” Mtu atakuonyesha kwa mkono. Badala ya “Kuna usalama?” uliza, “Usiku mnafunga geti saa ngapi?” Badala ya “Maji yapo?” uliza, “Wiki hii maji yalitoka siku zipi?”

Zungumza na wa kulia, wa kushoto, wa nyuma, na yule wa chini kwenye mteremko. Tafuta wapangaji pia. Mwenye nyumba wakati mwingine anailinda thamani ya mtaa wake kwa maneno. Mpangaji hana cha kulinda, atakueleza umeme unakatika mara ngapi na nani hugombana na nani. Swali ambalo halikosi faida: “Waliokaa hapo kabla walihama kwa sababu gani?” Na lingine la lazima: “Mpaka wenu na nyumba hii uko wapi?” Jibu la jirani likipishana na la muuzaji hata kwa nusu mita, liandike.

Yapo pia yasiyohitaji kuulizwa. Kila paa likiwa na tangi, maji ya bomba hayategemeki. Vizingiti vya milango vilivyoinuliwa kwa tofali mbili, tope lililoacha mstari ukutani, nyasi kavu zilizonasa kwenye uzio kwa kimo kimoja: maji yalifika hapo. Mabango mengi ya kuuza au kupangisha kwenye njia moja yanahitaji maelezo.

5. Hati, kabla hujaipenda nyumba

Watu hulipeleka jambo hili mwisho, baada ya kushachagua rangi ya mapazia. Lilete mapema. Upekuzi kwenye ofisi ya usajili wa ardhi ni nafuu kuliko ukaguzi wa mhandisi, na nyumba yenye umiliki mbovu haina haja ya kukaguliwa ufa hata mmoja.

Omba nakala ya hati, ramani ya upimaji na kibali cha ujenzi. Kisha usiishie kwenye nakala: nenda wewe au mwanasheria wako kwenye daftari la ofisi yenyewe. Angalia mambo haya: jina lililoandikwa ni la anayeuza? Kuna rehani ya benki, zuio la mahakama, deni la kodi? Ni miliki ya kudumu au ya muda, na kama ni ya muda imebaki miaka mingapi? Nyumba ya wanandoa au ya urithi inahitaji ridhaa ya wote wenye haki, kwa maandishi. “Kaka yangu hana neno” si ridhaa.

Mpima ardhi atafute bikoni (alama za mpaka) ardhini na kuzilinganisha na ramani. Hapo ndipo hujulikana kwamba ukuta umeingia kwa jirani, au kwamba choo cha nje kimejengwa kwenye hifadhi ya barabara. Jengo lililo ndani ya hifadhi ya barabara, ya mto au ya nyaya kubwa linaweza kuvunjwa, na mara nyingi anayeumia ni yule aliyelinunua mwisho.

Linganisha pia kibali na jengo lenyewe. Kibali cha vyumba vitatu na nyumba ya vyumba sita maana yake nusu ya nyumba haipo kisheria.

6. Fuata maji nje ya nyumba

Sasa fika kwenye jengo, lakini usiingie. Zunguka taratibu mara mbili: mara ya kwanza ukitazama ardhi, ya pili ukitazama kuta na paa.

Ardhi inapaswa kuteremka kutoka ukutani kwenda nje. Kipimo kinachotumika sana ni kushuka kwa angalau sm 15 katika mita 3 za kwanza. Kama uwanja umeelekea nyumba, kila mvua inanywesha msingi. Angalia maji ya paa yanaangukia wapi. Yakidondokea mguuni pa ukuta bila mfereji wa zege, utaona udongo umechimbika na lipu ya chini imechafuka kwa matone.

Miti mikubwa iliyo karibu na ukuta ni ya kuhofia zaidi kwenye udongo wa mfinyanzi. Udongo huo huvimba ukilowa na hunywea ukikauka, na mizizi inayonyonya maji huuzidishia tabia hiyo. Uwanja wenye mipasuko mipana wakati wa kiangazi unakuambia udongo ni wa aina hiyo. Muulize muuzaji msingi ulichimbwa kina gani, umwambie mhandisi jibu.

7. Nyufa

Karibu kila nyumba ina nyufa, na nyingi hazina madhara. Usimwogopeshe mwenye nyumba kwa kila mstari, lakini jifunze kuzitofautisha.

Mistari myembamba kama unywele, iliyosambaa bila mpangilio, kwa kawaida ni lipu iliyokauka haraka. Chukua ile kadi ya benki. Unene wake ni kama mm 0.8. Isipoingia, andika na uendelee. Ikiingia, tazama ufa kwa makini: unaelekea wapi, na upana wake unabadilika?

Nyufa za kuzingatia ni zile za mshazari zinazoanzia kwenye kona za milango na madirisha, zile zinazopanda kwa ngazi kufuata maungio ya matofali, na zile zilizo pana juu kuliko chini au kinyume chake. Hizo husema sehemu moja ya msingi inashuka na nyingine imebaki. Ufa unaozidi mm 5, au unaoonekana ndani na nje mahali pale pale, ni wa mhandisi. Wewe na fundi wa lipu hamtoshi. Vivyo hivyo ufa wa kulala kwenye nguzo au boriti ya zege, na kutu inayotoka kwenye zege, maana nondo ikishika kutu huvimba na kubandua zege inayoifunika.

Weka gololi sakafuni kwenye kila chumba. Ikijivingirisha yenyewe kuelekea kona ile ile yenye ufa, umepata ushahidi wa pili. Milango inayokwama juu upande mmoja ni wa tatu. Tafuta pia ukuta mmoja uliopakwa rangi mpya wakati mingine ni ya zamani, na kabati zito lililosukumwa mahali pasipofaa. Omba lisogezwe. Ni haki yako kuomba.

Kama una muda wa wiki kadhaa kabla ya kuamua, weka alama ya penseli kwenye ncha za ufa, andika tarehe, piga picha ukiwa umeweka futi kando yake. Ufa usiosogea na ufa unaotembea ni mambo mawili tofauti kabisa.

8. Unyevu

Pita kila chumba, pua ikitangulia. Harufu ya uvundo kwenye chumba kilichofungwa, au manukato makali kupita kiasi, vyote ni dalili.

Unyevu unaopanda kutoka ardhini kwa kawaida huishia chini ya mita moja na nusu. Huacha mstari wa kama wimbi, rangi iliyovimba na chumvi nyeupe ukutani. Chanzo chake mara nyingi ni kukosekana kwa karatasi ya kuzuia unyevu juu ya msingi, au udongo wa nje uliorundikwa ukaipita. Unyevu wa katikati ya ukuta hutoka kwenye bomba lililovuja, na wa juu hutoka kwenye paa. Ukungu mweusi kwenye kona za chumba cha kulala mara nyingine ni hewa tu isiyopita, na hilo ni dogo.

Gonga lipu kwa kifundo cha kidole. Mlio mtupu maana yake imebanduka kutoka kwenye tofali. Fungua makabati ya chini ya sinki, uguse nyuma kwa mkono.

9. Paa na dari

Panda ngazi, ingiza kichwa na tochi kwenye uwazi wa dari. Zima tochi kwanza: mwanga unaopenya kwenye mabati au vigae ni matundu. Washa, tazama kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa. Mbao ziwe zimenyooka, bila kupinda kati, bila alama nyeusi za maji. Choma mbao za pembeni kwa bisibisi. Ikizama kama kwenye mkate, zimeoza au zimeliwa. Mchwa huacha vichuguu vyembamba vya udongo ukutani na kwenye mbao, mara nyingi kuanzia chini kabisa.

Madoa ya mviringo darini, ya rangi ya chai, yapime kwa mkono siku ya mvua. Makavu yanaweza kuwa ya uvujaji ulioshazibwa. Mabichi hayana mjadala.

Tahadhari: paa za saruji yenye mawimbi kwenye nyumba za zamani huweza kuwa na asbesto, ambayo nyuzi zake zikivutwa puani husababisha saratani. Umoja wa Ulaya ulikamilisha kuipiga marufuku mwaka 2005, lakini majengo ya kabla ya hapo bado yamesimama nayo sehemu nyingi duniani. Usilikwangue, usilitoboe, usilipande. Kuliondoa ni kazi ya wenye vifaa, na gharama yake iingie kwenye bei.

10. Maji safi na majitaka

Fungua bomba la bafuni na la jikoni kwa pamoja, kisha vuta maji chooni. Bomba la kuogea likififia kabisa, presha ni ndogo. Jaza ndoo ya lita 10: ikijaa ndani ya dakika moja, mtiririko unatosha kuogea. Kwenye tangi la paa, kila mita 10 za kimo hutoa presha ya takriban baa 1 (baa ni kipimo cha presha), hivyo tangi lililo mita 2 tu juu ya bafu halitawasha vizuri hita nyingi za papo kwa papo. Kumbuka pia uzito: lita 5,000 ni tani 5. Tazama nguzo zinazolibeba tangi.

Kupima uvujaji uliofichika ni rahisi. Funga mabomba yote, soma mita ya maji, subiri nusu saa, soma tena. Namba ikiwa imesogea, maji yanapotea mahali.

Omba kufunguliwa chemba za majitaka. Mwaga ndoo moja kwenye choo cha mbali kabisa na uone yanavyofika: haraka na safi, au kwa kusuasua. Uliza shimo lilinyonywa lini mara ya mwisho. Anayejibu “halijawahi” kwa nyumba ya miaka mingi ama hajui ama shimo linavujia ardhini. Kama kuna kisima, pima umbali hadi shimo la majitaka lililo karibu, pamoja na la jirani. Mita 30 ni kipimo kinachopendekezwa sana, na kisima kisiwe chini ya shimo kwenye mteremko. Peleka maji maabara kabla ya kulipa.

11. Umeme

Tesita ichomeke kwenye kila soketi, uone kama waya wa ardhi (earth) upo. Soketi yenye alama ya kuungua au joto ina kasoro. Kwenye kisanduku kikuu tafuta swichi ya kinga inayokata umeme ukivuja, ambayo kwa majumbani huwekwa ikate kwenye miliampia 30. Bonyeza kitufe chake cha majaribio: lazima ikate papo hapo. Nyaya zilizofungwa kwa utepe, au waya uliowekwa mahali pa fyuzi, ni sababu ya kukadiria nyumba nzima kusukwa nyaya upya. Mengine mwachie fundi umeme mwenye leseni. Usifungue skrubu za kisanduku mwenyewe.

12. Mengine ya haraka

Fungua na kufunga kila dirisha. Angalia vyumba vya kulala vinatazama magharibi au la. Jua la alasiri hupasha ukuta ambao utaendelea kutoa joto usiku. Piga simu na jaribu intaneti katika kila chumba, siyo sebuleni pekee.

13. Sasa mlete mhandisi

Nyumba iliyofika hapa inastahili pesa yake. Mpe orodha yako ya maandishi na picha, mwombe taarifa ya maandishi yenye sehemu tatu: yanayohatarisha maisha, yanayohitaji matengenezo ndani ya mwaka, na yanayoweza kusubiri. Kuwepo siku hiyo. Maneno anayosema akiwa ameinama kwenye msingi huwa na uzito kuliko yanayobaki kwenye karatasi.

14. Piga hesabu, kisha patana

Omba makadirio ya mafundi wawili kwa kila kasoro kubwa. Jumlisha bei, matengenezo, ada za uhamisho na mwanasheria. Jumla hiyo ndiyo bei ya nyumba, na ndiyo ya kulinganisha na nyumba nyingine. Kaa na muuzaji ukiwa na taarifa mkononi, na uzungumzie kasoro, si ladha yake ya vigae.

Ukikwama

Muuzaji anakataa usirudi usiku au siku ya mvua. Mtaa si wake. Ndani anaweza kukuzuia, nje hawezi. Nenda ukatembee. Akikataa mhandisi, achana na nyumba hiyo.

“Kuna mtu mwingine analeta pesa kesho.” Inawezekana ni kweli. Upekuzi wa hati na matembezi ya mtaa vinaweza kufanyika siku mbili tatu ukijipanga, kwa hiyo ongeza kasi ya ukaguzi, lakini usiruke hatua ya 5. Yule mwingine akinunua, una orodha na uzoefu wa kukagua inayofuata kwa nusu ya muda.

Ni kiangazi, mvua haipo karibu. Mwaga ndoo kadhaa pembeni mwa ukuta uone maji yanakimbilia wapi, tegemea zaidi alama za kwenye uzio na maneno ya jirani wa chini, na ingiza kichwa kwenye dari bila kukosa.

Hati ina jina la marehemu. Usilipe chochote hadi msimamizi wa mirathi athibitishwe na mahakama na jina lake lionekane kwenye daftari. Warithi wote wakikaa meza moja na kukubali kwa mdomo, bado si kitu.

Majirani wanapingana. Mmoja anasema maji hufika dirishani, mwingine anasema hajawahi kuyaona. Uliza kila mmoja amekaa hapo tangu mwaka gani, na nyumba yake iko juu au chini. Mara nyingi wote wanasema kweli.

Kuna mpangaji ndani. Soma mkataba wake mwenyewe, ujue unaisha lini na kodi amelipa hadi mwezi gani. Muuzaji akukabidhi nyumba ikiwa tupu, au uandikwe kwenye mkataba wa mauzo ni nani atashughulika naye na kwa gharama ya nani.

Umeshatoa malipo ya awali, kisha umegundua kasoro kubwa. Rudi kwenye makubaliano uliyosaini uone kama yanataja ukaguzi au marejesho. Mwandikie muuzaji siku hiyo hiyo, ukiambatanisha picha zenye tarehe na taarifa ya mhandisi, na ueleze unachotaka: kurekebishwa, kupunguziwa bei, au kurudishiwa. Mazungumzo ya simu yafuatishe kwa ujumbe wa maandishi. Awamu ya pili usiilipe hadi mwanasheria wako amesoma majibu yake.